Bao la Kiswahili na Sheria za Kujihami

Kisiwani Pemba, kama ilivyo Unguja na katika miji mingi ya pwani, bao la Kiswahili ni mchezo wa barazani, unaochezwa zaidi jioni baada ya kazi za shamba na za baharini, na ambao ufundi wake hupatikana kwa kukaa na kutazama wakubwa wakicheza. Ubao una mashimo 32 yaliyopangwa katika safu 4, na kete zake 64 kwa desturi ni komwe, yaani mbegu ngumu za kijivu, nyororo mkononi, za mmea wenye miiba uotao karibu na ufukwe. Kila mchezaji ana safu 2, ya mbele inayomkabili mpinzani na ya nyuma iliyo upande wake.

Mchezo huu ulikuwa umekwishaingia katika ushairi wa Muyaka bin Haji wa Mombasa mwanzoni mwa karne ya 19, naye W. H. Ingrams, aliyekuwa ofisa wa serikali Zanzibar, aliutaja katika kitabu chake cha mwaka 1931. Na mwaka 1995 mtafiti Mholanzi Alex de Voogt aliwasilisha katika Chuo Kikuu cha Leiden tasnifu juu ya umahiri wa mafundi wa Zanzibar. Wageni wengi waliouona wamestaajabia wingi wa kete zinazoliwa kwa mkupuo mmoja, ilhali ukuu wa bao umo zaidi katika namna sheria zake zinavyomruhusu, au zinavyomzuia, mchezaji kujihami.

Kinga ya kwanza ni safu ya nyuma, kwa kuwa kete zilizomo humo haziliwi kamwe, tofauti na omweso wa Uganda, ambao pia una mashimo 32 na kete 64, lakini ambamo mlaji huchukua kete za shimo la mbele pamoja na za shimo la nyuma yake. Hata hivyo, kinga hiyo ina gharama, maana mchezaji ambaye safu yake ya mbele imebaki tupu amefungwa papo hapo, na kufungwa huko kukitokea katika hatua ya kunamua, ambapo kete bado zinaingizwa ubaoni moja moja, huitwa mkononi. Kinga ya pili ni nyumba, shimo la mraba lililo katika safu ya mbele, linaloanza na kete 6 na ambalo mwenyewe anaweza kulihifadhi kama akiba hadi aone faida ya kulivunja.

Sheria yenye kina zaidi ni ya kutakasia, ambayo hutumika katika hatua ya mtaji, kete zote zikiwa zimekwisha kuingia ubaoni. Mchezaji asiye na la kula hutakata, yaani husogeza kete zake bila kula. Na iwapo baada ya hapo mpinzani naye hana la kula, na ana shimo moja tu lililo hatarini kuliwa zamu ifuatayo, basi shimo hilo limetakasiwa, na mwenyewe haruhusiwi kuondoa kete zake humo ili kuziokoa. Haliguswi na sheria hii shimo lililo nyumba isiyovunjwa, wala lililo peke yake lenye kete katika safu ya mbele, wala lililo peke yake lenye zaidi ya kete moja katika safu hiyo.

Kwa kuwa kutakasia kunahitaji shimo moja tu, fundi anayeona shimo lake kubwa linawindwa huweza kuacha kwa makusudi shimo dogo nalo likabiliwe, ili mashimo yaliyo hatarini yawe mawili na lisiwepo lililotakasiwa, kisha, zamu yake ifikapo, akaliondoa lile kubwa na kumwachia mpinzani kete chache za lile dogo.