Kufunga na Kuchuja: Maneno Mawili katika Historia ya Maradhi na Mipaka

Neno *kufunga* lina maana nyingi katika Kiswahili, na tatu kati yake zatosha kwa insha hii: kufunga mlango, kumfunga mtu gerezani, na kufunga kula. Mwaka 2020, serikali za Afrika ya Mashariki zilipotangaza kwamba mipaka imefungwa kwa sababu ya korona, maana zote tatu zilikutana mahali pamoja. Nakusudia kuonyesha kwamba neno hilo, pamoja na nguvu zake, halikueleza sawasawa jambo lililotendeka, na kwamba historia ya karantini yatupa neno lililo karibu zaidi na ukweli.

*Karantini* ni neno lililotufikia kwa njia ya Kiingereza, lakini asili yake ni usemi wa watu wa Venice, nalo latokana na hesabu ya siku 40. Kabla ya hapo, mwaka 1377, mji wa Ragusa, ambao leo huitwa Dubrovnik, uliamuru kwamba atokaye penye tauni asiingie mjini mpaka akae kando mwezi mzima. Wakuu wa Ragusa walikuwa watu wa bandari, na riziki yao ilitoka baharini. Kama wangalitaka kufunga tu, wasingalihitaji sheria ya namna ile. Wangaliwafukuza wageni wote. Mwezi ule ulikuwa bei waliyokubali kulipa ili biashara iendelee. Basi karantini, tangu kuzaliwa kwake, haikuwa mlango uliofungwa bali chujio.

Pwani yetu nayo yalijua jambo hili. Kipindupindu kilichofika Unguja mwaka 1869 kilichunguzwa na James Christie, tabibu aliyekaa huko. Katika kitabu chake cha mwaka 1876 alionyesha kwamba maradhi yalitoka bara, yakapita nchi ya Wamasai hata Pangani, kwa njia zile zile za misafara ya biashara. Mali na maradhi vilisafiri kwa miguu ile ile. Baadaye kisiwa cha Changuu, kilichonunuliwa mwaka 1893 ili kijengwe gereza, hakikupata wafungwa. Kikawa mahali pa karantini kwa abiria wa meli. Nyumba ya kifungo ikageuka chujio.

Sasa tuutazame mwaka 2020. Mwezi wa Machi, Rwanda na Uganda zilizuia abiria mipakani, zikaacha mizigo ipite. Kenya ilifanya vivyo hivyo kwa mpaka wake na Tanzania tarehe 16 Mei. Haikuwezekana vingine: Rwanda na Uganda hazina bahari, na bidhaa zao nyingi hupitia Mombasa na Dar es Salaam. Lakini mzigo hauendi bila dereva. Mali iliruhusiwa, mtu akashukiwa. Hivyo dereva mwenyewe akawa ndiye mpaka. Huko Malaba magari yalipanga foleni ya kilomita nyingi yakingojea majibu ya vipimo. Huko Rusumo, Rwanda ilitaka dereva mgeni amwachie mwingine gari, na madereva wakalalamika.

Kosa halikuwa katika kuchuja, bali katika wingi wa machujio. Tanzania ilikuwa imeacha kutangaza hesabu za wagonjwa tangu mwisho wa Aprili, na jirani zake hawakuwa na la kutegemea ila vipimo vyao wenyewe. Tarehe 22 Mei mawaziri wa uchukuzi wa Kenya na Tanzania walikutana Namanga kutafuta mapatano juu ya madereva. Hata hivyo, Kenya ilipofungua anga tarehe 1 Agosti, Tanzania haikuwamo katika orodha ya nchi zilizokubaliwa. Nayo Tanzania ikazuia ndege za Kenya hata Septemba.

Mpishi achujaye tui ajua kwamba kifumbu kimoja kizuri chatosha, na kwamba kuchuja mara nyingi hakuongezi ila kungoja. Gharama ya kungoja huko hawakuilipa waliotangaza. Aliilipa dereva aliyelala siku kadhaa ndani ya gari lake, akifunga kwa maana ile ya tatu. Kwa hiyo yafaa nchi jirani zipatane juu ya kipimo kimoja wakati wa afya, kabla maradhi hayajafika. Nasi tushughulikao na lugha hatuna budi kukumbuka kwamba *kufunga* ni neno jepesi kulitangaza, ilhali *kuchuja* lataka mtu mwenye kuaminiwa upande huu na upande ule.