Mazoezi ya viungo baada ya kiharusi

Tiba ya kumrudishia uwezo wa kutembea, kushika na kujihudumia mtu ambaye mshipa wa damu wa ubongo umeziba au kupasuka. Husimamiwa na mtaalamu wa kinesiterapia, yaani tiba ya viungo.

Namna yanavyofanyika

Ubongo ulioumia hujipanga upya kwa tendo linalorudiwa mara nyingi, na tendo lenye kazi hufaa kuliko kunyooshwa viungo kitandani. Zoezi la msingi ni kuinuka kwenye kiti. Nyayo hurudishwa nyuma ya magoti, kifua huinama mbele, uzito hukaa kwenye miguu yote miwili, ndipo mgonjwa husimama. Akizoea, hupewa kiti kifupi zaidi. Mkono uliolegea hushirikishwa na ule mzima, hata kwenye mchi wa kutwangia sombe. Kosa baya, na la kawaida mno, ni kumwinua mgonjwa kwa kumvuta mkono dhaifu: bega huchomoka kidogo kidogo, na kwa maumivu hayo mgonjwa huyakataa mazoezi.

Utafiti

Utafiti wa AVERT (2015), wenye wagonjwa 2,104, ulionyesha kwamba kuwatoa kitandani mara nyingi kuanzia ndani ya saa 24 za kwanza hupunguza nafasi ya kupona vizuri. Ule wa LEAPS wa Marekani (2011) uliwafuata watu 408. Mashine ghali ya kutembelea haikuyashinda mazoezi ya nyumbani yaliyoongozwa na mtaalamu. Hii ni habari njema kwa hospitali zisizo na mashine. Huko India, ATTEND (2017) iliwafunza ndugu wa wagonjwa wayaongoze mazoezi wenyewe. Kati ya wagonjwa 1,250, waliohudumiwa hivyo hawakupata nafuu zaidi ya wenzao. Basi ndugu ni msaada mkubwa, ila mtaalamu bado anahitajika.

Hitaji hilo si dogo: nchini Tanzania, hesabu ya 2003 hadi 2006 ilikuta viharusi vipya 108.6 kwa watu 100,000 kila mwaka wilayani Hai, na 315.9 Dar es Salaam, umri ukishasawazishwa.

Maniema ya kusini

Kasongo, mji wa Maniema huko Kongo (DRC), ilijulikana duniani miaka ya 1970 kwa mradi wake na Taasisi ya Tiba ya Kitropiki ya Antwerp, uliosogeza vituo vya afya karibu na vijiji, hospitali ikiviunga mkono. Mpangilio huo ungemfaa sana mgonjwa wa Wamaza, upande wa Kasongo na Kabambare: mtaalamu hupanga mazoezi hospitalini, muuguzi wa kituo huyafuatilia na kupima presha, ambayo ndiyo chanzo kikubwa cha kiharusi cha pili.