Aamshaye Kiini

Mwishoni mwa Desemba 2012, matangazo ya analojia yalipozimwa Dar es Salaam, Watanzania walijifunza neno moja kwa kasi ambayo hakuna baraza lingeweza kuiamuru: king'amuzi. Limetoka katika kitenzi ng'amua, kutambua lililofichika, likavikwa ki- ya vyombo. Hata asiyewahi kufungua kamusi alilielewa dukani. Mzizi wake aliujua tangu utotoni.

Ndani ya king'amuzi hichohicho mna kompyuta ndogo, aghalabu ya Linux, na ndani ya kompyuta hiyo mna programu ambayo mpaka leo haina jina zuri kwetu. Umeme ukiingia, ndiyo inayotangulia. Huutafuta mfumo endeshi, huuweka kwenye kumbukumbu, huukabidhi mashine yote, kisha hutoweka. Mafundi huiita butiloda. Tunaweza kuipa jina bora kuliko hilo.

Buti kwetu ni kiatu kizito cha askari. Kwa Wakenya ni pia sehemu ya mizigo nyuma ya gari. Anayesema "kubuti kompyuta" hudhani amekopa neno la kiufundi, kumbe amekopa kiatu chenyewe. Waingereza wana msemo wa mtu kujiinua kwa kuvuta vitanzi vya buti zake, na miaka ya 1950 wanakompyuta waliuchukua kuielezea mashine inayotumia programu ndogo kujipakia programu kubwa. Kwao picha inaonekana. Likivuka kuja kwetu, neno hilo hubaki ngozi na kisigino.

Kuwasha nalipenda, ila kwa kazi yake. Tunawasha taa, tunawasha redio, tunawasha na kompyuta kwa maana ya kuipa umeme. Kinachofuata baada ya umeme ni tendo jingine. Tukiyaita yote mawili kuwasha, fundi atakosa sentensi anayoihitaji kila wiki: imewaka, lakini haijaamka.

Sentensi hiyo tayari imeshachagua kitenzi. Ni kuamsha. Pingamizi najua lipo: kompyuta pia hulazwa kuokoa betri, na watu husema imeamka pale skrini inaporudi. Lakini kule kulala si usingizi kamili, kwa maana kumbukumbu haipotei. Huko ni kusinzia, na asinziaye huzinduka. Basi kompyuta iliyozimwa huamshwa, na iliyosinzia huzinduliwa. Vitenzi hivyo vinazitenga hali hizo mbili bila kuhitaji maelezo ya ziada.

Wengine hupendekeza kipakiaji. Pakia na pakua ni ndugu wa kuvutia: kiambishi kimoja tu hugeuza kuweka shehena kuwa kuitoa, na pakua ndiyo pia ya wali sufuriani. Tatizo ni kwamba intaneti imekwisha kuwaajiri wote wawili. Pakua ni kuleta faili kwako, pakia ni kulipeleka mbali. Programu yetu hulitoa faili kwenye kadi na kuliweka kwenye kumbukumbu. Imepakua au imepakia? Tena kubeba ni nusu tu ya kazi yake. Hamali hushusha gunia akaondoka. Huyu huamsha alichokibeba.

Na alichokibeba, ule moyo wa mfumo endeshi ambao Waingereza huuita kernel, tukiiteje? Punje, kokwa na kiini yote yameshagombea. Punje ni ndogo mno kwa kitu kinachotawala kila kifaa. Kokwa ina mvuto, kwa kuwa ndiyo huota, lakini mla embe huitupa. Kiini kinashinda, na si kwa sababu ya mazoea peke yake. Wanaunix huiita programu inayopokea amri za mtumiaji ganda, na katika Kiswahili ganda na kiini hukutana ndani ya yai. Jozi tuliyoletewa kutoka nje imekuta jozi iliyokwisha kuwapo.

Sasa yaunganishe: kiamshakiini. Masikio yako yameshalikubali, kwa sababu umbo lake ni la kiamshakinywa, la kifunguamimba, la kipimajoto, la kipaza sauti. Ki-, kitenzi, nomino: kiwanda cha maneno ambacho hakijawahi kufungwa. Wapo wanaosema chamshakinywa, na hao wakipenda waseme chamshakiini, sitagombana nao.

Kompyuta zilizomo ndani ya vifaa kama king'amuzi husemwa zimepachikwa. Mshale hupachikwa kwenye upinde, watangazaji wa mpira hupachika mabao. Pachika hutia kitu kutoka nje, tena kiwezacho kuchomolewa. Kompyuta ya king'amuzi imefichwa ndani kama sarafu kiganjani, hata mwenye nyumba hajui kama ipo. Hiyo ni kompyuta fumbatwa.

Tendo la kukipata kiini ndilo lililotafsiriwa vibaya kuliko yote, kwa kuitwa "ugunduzi". Hugundui kitu ulichotumwa kukitafuta. Tuchukue U-Boot, kiamshakiini mashuhuri kilichopata jina hilo mwaka 2002, jina ambalo kwa Kijerumani ni pia nyambizi. Kwa utaratibu wake uliozoeleka hupita kadi, USB na mtandao kwa zamu iliyopangwa. Kwenye kila kizigeu (sehemu ya hifadhi) kinachokaguliwa husaka kwanza faili la extlinux.conf, kisha hati ya boot.scr, kisha programu ya EFI. Huko ni kusaka. Kikisha kupata, husoma alama iliyomo ndani ya faili: taswira za zamani za U-Boot huanza na 27051956 kwa heksadesimali, na kiini cha ARM cha biti 64 hubeba herufi ARM kuanzia baiti ya 56. Huko ni kung'amua. Alama yenyewe, ambayo wengine huiita namba ya uchawi, ni chapa tu, kama ya ng'ombe. Chapa husema hiki ni nini. Muhuri, yaani ile sahihi ya kisimbo, ndio unaosema kimetoka kwa nani.

U-Boot ya sasa ina maneno matatu ya usakaji huu: bootdev, bootmeth na bootflow. Mawili ya kwanza ni mepesi, makao na mbinu. La tatu litamponza mtafsiri akimbilie "mtiririko", ilhali hakuna kinachotiririka. Ni maelezo ya jinsi ya kuamsha, yaliyokutwa kwenye makao kwa kutumia mbinu. Ni mwongozo.

Kabla ya kutoweka, kiamshakiini hukiachia kiini vitu viwili. Cha kwanza ni mti wa vifaa, orodha ya vilivyomo ubaoni ambavyo haviwezi kujitambulisha vyenyewe; jina hilo sina ugomvi nalo. Cha pili ni maneno machache, mfano console=ttyS0,115200 na root=/dev/mmcblk0p2: sema kupitia hapa, faili zako ziko pale. Kuyaita mstari wa amri ni kuyachanganya na pale mtumiaji anapochapa. Haya ni maagizo ya anayeondoka kwa anayebaki, na neno lake tunalo tangu zamani: wosia.

Limebaki tangazo la U-Boot kabla ya kuamsha kiini, ambalo kila fundi amelisoma kwa Kiingereza huku sekunde zikihesabiwa kushuka. U-Boot humruhusu anayeitengeneza abadilishe maneno hayo kwa mpangilio wa CONFIG_AUTOBOOT_PROMPT. Napendekeza: "Kiini kitaamshwa baada ya sekunde %d. Bonyeza kitufe kilichopangwa kuzuia."