Gugu lisilo na soko lenye manufaa kwa mkulima

ARABIDOPSIS thaliana ni mmea mdogo wa porini usiolimwa kama zao wala kuuzwa sokoni. Hata hivyo, hakuna mmea mwingine ambao vinasaba vyake vimechunguzwa kwa kina zaidi katika maabara za dunia.

Mmea huo ni wa jamii moja na kabichi, sukumawiki na haradali, na huota wenyewe Ulaya, Asia na Afrika.

Mwaka 1943, mtaalamu wa mimea wa Ujerumani, Friedrich Laibach, alipendekeza utumike kama kielelezo cha utafiti wa urithi. Sababu ni nyepesi. Huchukua takriban wiki sita tangu mbegu kuota hadi mbegu mpya kukomaa, hujichavusha wenyewe, na mmea mmoja hutoa maelfu ya mbegu. Aidha, una jozi tano tu za kromosomu.

Desemba 2000, ulikuwa mmea wa kwanza duniani kusomwa mpangilio wake wote wa vinasaba. DNA yake ina takriban herufi milioni 135, wakati ya ngano inafikia takriban bilioni 16.

Ili kujua kazi ya jeni fulani, watafiti huiharibu, kisha hutazama mmea umepungukiwa na nini. Kuingiza jeni mpya nako ni rahisi: tangu mwaka 1998, maua huchovywa katika maji yenye bakteria aina ya Agrobacterium, ambao kwa asili yao hupenyeza DNA ndani ya mimea. Baadhi ya mbegu zinazopatikana huwa zimebeba jeni hiyo.

Miongoni mwa yaliyogunduliwa ni jeni iitwayo EFR, iliyotangazwa mwaka 2006. Jeni hiyo huuwezesha mmea kutambua protini iliyomo ndani ya bakteria na kuanza kujihami mapema. Jamii ya kabichi inayo, bali nyanya haina.

Mwaka 2010, watafiti wakiongozwa na Cyril Zipfel wa Maabara ya Sainsbury mjini Norwich, Uingereza, walitangaza kuwa nyanya zilizowekewa EFR zilistahimili zaidi mnyauko bakteria. Ugonjwa huo, unaowasumbua pia wakulima wa Afrika Mashariki, hukaa udongoni, hunyausha mche ungali kijani, na ukishauingia hauna dawa ya kuuponya.

Mafanikio ya maabara hayatoshi kulifikisha zao shambani. Mazao yaliyobadilishwa vinasaba hupaswa kwanza kupita majaribio na vibali vya usalama, kwa mujibu wa sheria za kila nchi.

Hata hivyo, kinga hiyo isingeonekana kamwe iwapo uchunguzi ungeishia kwenye nyanya pekee, kwa kuwa ndani ya nyanya haikuwamo. Ilipatikana katika gugu.