Wanafunzi wa Sayansi ya Dunia na Angahewa (Meru na Embu)

Wanafunzi wa sayansi ya dunia na angahewa ni wale wanaosomea, katika shahada ya kwanza, miamba, udongo, maji na angahewa, yaani tabaka la hewa linaloizunguka dunia. Meru na Embu, kaunti za Kenya ambako Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru kilipata hati ya kuwa chuo kikuu kamili mwaka 2013 na Chuo Kikuu cha Embu mwaka 2016, ni uwanja bora wa elimu hiyo. Mlima Kenya, volkeno iliyozimika yenye kimo cha mita 5,199, huzilazimisha pepo zenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi kupanda, zikapoa na kuleta mvua katika mashamba ya chai na kahawa, ilhali nyanda za chini za Mbeere, huko Embu, hubaki kavu. Mwanafunzi hujifunza hapo jinsi mwinuko unavyotawala mvua za masika na vuli, barafu ya mlima inavyopungua, na kituo kilichoko mlimani kwenye mwinuko wa mita 3,678 kinavyopima gesi za angahewa. Maarifa hayo ni muhimu mno kwa mkulima anayetegemea utabiri sahihi.