Kiyoyozi cha Dirishani Katika Kambi

Kiyoyozi cha dirishani katika kambi ni mashine ndogo ya kupoza hewa iliyoundwa kukaa kwenye dirisha la nyumba, lakini ikafungwa kwenye hema, banda la muda au gari la safari. Inayofaa zaidi kwa kazi hii ni ile ya BTU 5,000 kwa saa, ambayo ni miongoni mwa ndogo kabisa zinazouzwa. Ina uzito wa kilo 20 hivi, hubebwa na mtu mmoja, na hutumia umeme wa wati 450 hadi 500. Kuigeuza iwe ya kambini hakuhitaji kufungua mitambo yake ya ndani. Yapo maswali mawili ya kujibu kabla ya kushika msumeno: joto litakalotolewa litapelekwa wapi, na umeme utatoka wapi. Kwenye mwambao wa magharibi wa Ziwa Victoria, kuanzia Bukoba hadi Kimwani kusini mwa Muleba, lipo la tatu linalotangulia yote mawili: unyevu.

Kinavyofanya kazi

Sanduku la kiyoyozi hiki lina pande mbili. Upande wa mbele, unaotazama chumbani, una koili baridi. Upande wa nyuma una koili ya moto, na kompresa huzungusha gesi kati ya koili hizo. Feni ya mbele huvuta hewa ya chumbani, huipitisha kwenye koili baridi na kuirudisha ikiwa imepoa. Joto lililotolewa kwenye hewa hiyo hubebwa na gesi hadi nyuma, na feni nyingine hulipuliza nje pamoja na joto la kompresa yenyewe.

Kwa hiyo kazi yote ni kuhamisha joto kutoka upande mmoja kwenda wa pili. Mtu anayekiweka kizima ndani ya hema na kufunga zipu hujikuta na joto kali kuliko la mwanzo, kwa sababu lililotolewa mbele linarudi kwa nyuma, na lile la umeme linaongezeka juu yake.

Koili baridi ina kazi ya pili. Mvuke uliomo hewani ukiigusa hugeuka matone, hutiririkia kwenye trei na kutokea nyuma. Kazi hii ndiyo iliyozaa kiyoyozi cha kisasa. Mwaka 1902 mhandisi Mmarekani Willis Carrier alipewa tatizo la kiwanda kimoja cha uchapaji mjini Brooklyn, New York: karatasi zilitanuka na kunywea kadiri unyevu ulivyopanda na kushuka, na rangi hazikukaa mahali pake. Mtambo alioubuni ulikusudiwa kudhibiti unyevu. Raha ya watu ilifuata baadaye. Viyoyozi vya dirishani vilianza kuuzwa Marekani katika miaka ya 1930, na bei yake ikashuka baada ya Vita vya Pili vya Dunia.

Hewa ya Bukoba na Kimwani

Kimwani ilikuwa mojawapo ya falme ndogo za upande huu wa ziwa. Leo jina hilo limebaki kwenye kata mojawapo ya Wilaya ya Muleba. Uso wa Ziwa Victoria uko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na kimo hicho hupunguza ukali wa joto la ikweta. Mchana Bukoba hufika nyuzi 26 au 27 za Selsiasi, usiku hushuka hadi 16 au 17, na hali huwa hiyo karibu mwaka mzima. Mvua inayonyesha mjini hukaribia milimita 2,000 kwa mwaka, ikizidi kati ya Machi na Mei. Aliyezoea usiku wa Dar es Salaam akilala hemani hapa ataomba blanketi.

Hata hivyo kiyoyozi kina kazi ya kufanya. Hema lililopigwa mahali pasipo kivuli linaweza kuzidi joto la nje kwa nyuzi 10 au zaidi ifikapo saa sita mchana. Usiku tatizo huwa jingine: pumzi za waliolala na hewa iliyoshiba mvuke wa ziwa hulowesha turubai kwa ndani, godoro huwa na umajimaji, nguo hazikauki, na siku chache baadaye kuvu huanza kuota kwenye mishono. Kiyoyozi kidogo kinachofanya kazi mfululizo hutoa maji ya kujaza chupa kadhaa kabla ya alfajiri.

Ndiyo sababu ukubwa wake uchaguliwe kwa kubana. Kiyoyozi kikubwa kwenye hema dogo hupoza hewa kwa dakika chache, kisha hujizima kabla hakijakausha chochote, na watu hubaki na baridi chepechepe. BTU 5,000 kwa saa ni sawa na uwezo wa kuondoa joto la wati 1,460 hivi, ilhali mtu aliyelala hutoa joto la wati 70 au 80 tu. Kwa hema la watu wawili au watatu, baada ya jua kuzama, uwezo huo unatosha na kubaki.

Unyevu pia ndio unaofunga njia ya mkato ya kupoza kwa maji. Mji wa mahema wa Mina, karibu na Makka, unafahamika kwa kila hujaji wa Afrika Mashariki. Baada ya moto wa Aprili 1997 ulioua watu zaidi ya 300, ulijengwa upya kwa mahema yasiyoshika moto, na idadi yake hutajwa kuwa zaidi ya 100,000. Kwa miaka mingi mahema hayo yalipozwa kwa mashine zinazopuliza hewa kupitia pedi zilizoloweshwa maji. Maji yakivukiza huchukua joto, na umeme unaoliwa ni kidogo sana kuliko wa kompresa. Mbinu hiyo inaelewana na hewa kavu ya Hijazi, na kwa Tanzania ingefaa Dodoma wakati wa kiangazi. Bukoba maji hayavukizi kwa kasi hiyo, na anayeijaribu huongeza unyevu uleule anaoukimbia.

Wanaoweza kukihitaji

Kundi la kwanza ni wasafiri. Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato ilianzishwa mwaka 2019 kwa kuunganisha mapori ya akiba ya Biharamulo, Burigi na Kimisi, ikiwa na eneo la kilomita za mraba 4,707, na sehemu yake iko Muleba. Anayelala porini humo huwa mbali na nguzo za umeme, na hutegemea kile alichokibeba garini.

Kundi la pili ni wavuvi, na kwao jambo hili ni zito zaidi. Bumbire, Goziba, Kerebe, Ikuza na visiwa vingine vya Muleba vina kambi za uvuvi zenye mabanda ya mabati na maturubai. Mvuvi wa dagaa huingia ziwani usiku wa giza, huvuta dagaa kwa mwanga wa taa, na hupumzika mbalamwezi inapokomaa. Alfajiri mzigo hushushwa mwaloni, yaani kwenye gati la wavuvi, na kuanikwa, kwa hiyo usingizi wake huangukia mchana, chini ya bati lililoshika jua. Hapa hesabu ya sola inageuka kuwa nzuri kuliko kwa mtalii: saa anazotaka ubaridi ndizo saa ambazo paneli hutoa umeme mwingi, na sehemu kubwa ya umeme huo inaweza kwenda moja kwa moja kwenye kiyoyozi bila kusubiri kwenye betri. Karabai nazo zimezidi kupisha taa za betri, hivyo kuchaji na kutunza betri ni kazi inayoeleweka mialoni.

Kuna pia suala la mbu. Muleba ndiko ulikofanyika utafiti mkubwa wa vyandarua vilivyoongezwa kemikali ya PBO, ambayo huvunja usugu wa mbu dhidi ya dawa za kawaida. Matokeo yake yalichapishwa mwaka 2018 katika jarida la The Lancet. Joto ni miongoni mwa sababu zinazowafanya watu waache kulala ndani ya chandarua. Hema lililopoa humrahisishia mtu kukishusha, lakini halichukui nafasi yake, kwa kuwa mbu hupenya kwenye upenyo wowote ulioachwa kandokando ya kiyoyozi.

Njia za kukifunga

Njia ya kwanza ni kukipitisha kwenye ukuta wa hema. Turubai hukatwa mraba, na pembeni mwa tundu hilo hushonwa mkono wa kitambaa kigumu wenye kamba ya kuvuta mdomoni. Kiyoyozi hukalishwa juu ya stuli ya mbao au kreti imara, uso wake huingizwa kwenye mkono, kamba hukazwa, na mianya iliyobaki huzibwa kwa vipande vya sponji. Kitambaa kishike sehemu ya mbele tu. Matundu ya pembeni, nyuma kidogo ya katikati ya sanduku, ndiyo yanayoingiza hewa ya kupoza koili ya moto. Yakifunikwa, kompresa hupata joto kupita kiasi na kujizima.

Njia ya pili hukiacha kiyoyozi kizima nje. Mbele yake hufungwa boksi la plaiwudi lililogawanywa sehemu mbili, na kila sehemu huunganishwa na bomba pana la kukunjika linaloingia hemani. Bomba moja hupeleka hewa baridi, la pili huirudisha hewa ya hemani ikapozwe tena. Bomba la kurudishia lisiachwe, maana bila hilo mashine itakuwa inapoza hewa mpya ya ziwani kila dakika. Mabomba yawe mafupi na yafungwe blanketi, na kihisi cha joto kibaki kwenye njia ya hewa inayorudi. Njia hii hupunguza kelele na haidai tundu kubwa kwenye turubai.

Katika njia zote mbili, kiyoyozi huinamishwa kidogo kwa nyuma ili maji yatokee nje. Baadhi ya mashine hubakiza maji kidogo kwenye trei kwa makusudi, na feni ya nyuma huyarushia koili ya moto ili ipoe haraka; mlio wa maji yanayochapwa ndani ya sanduku si dalili ya ubovu, na trei hizo hazitobolewi.

Kabla ya yote hayo, kivuli. Hema lipigwe chini ya mti usio na matawi makavu, au litandikiwe turubai la pili kwa juu likiacha nafasi ya hewa kupita katikati. Mushonge, nyumba ya asili ya Wahaya, ilitegemea kanuni hiyohiyo ya kulizuia jua kabla halijafika ndani: paa lake la nyasi nene lilishuka karibu na ardhi.

Umeme

Umeme wa Tanzania ni volti 230 na hezi 50. Viyoyozi vilivyotumika kutoka Oman au Dubai vinaendana nao. Vya Marekani ni vya volti 115 na hezi 60: transfoma hushusha volti, lakini haibadilishi hezi, na mota hubaki ikizunguka polepole na kupata moto.

Kompresa ya kawaida inapowaka huvuta umeme mara kadhaa zaidi ya ule wa kuendeshea, ingawa ni kwa muda mfupi sana. Kwa sababu hiyo jenereta ndogo za wati 650 hukwama palepale, na inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani) ya wati 2,000 ndiyo yenye nafasi ya kutosha. Viyoyozi ambavyo kompresa yake hubadilisha kasi huanza taratibu na hupunguza matumizi hema likishapoa.

Hesabu ya usiku mmoja ni hii. Kiyoyozi cha wati 450 kikiwaka saa 8, huku kompresa ikifanya kazi kwa karibu theluthi mbili ya muda huo, hula uniti (kilowati-saa) 2.4, ukijumlisha upotevu wa inveta hufika 2.7 hivi. Betri ya lithiamu ya volti 12 na saa-ampea 100 hubeba takriban uniti 1.28, kwa hiyo zinatakiwa tatu. Betri za asidi, ambazo hazipaswi kushushwa chini ya nusu, zingehitajika tano kwa uchache, na uzito wake ungezidi wa kiyoyozi mara kadhaa. Paneli mbili za wati 400 huweza kuurudisha umeme huo kwa siku moja ya jua zuri. Kwa volti 12, nyaya kati ya betri na inveta hupitisha zaidi ya ampea 40, hivyo ziwe nene na fupi. Mfumo wa volti 24 hupunguza ampea hizo kwa nusu.

Usalama na utunzaji

Jenereta haikai hemani wala barazani pake. Moshi wake una kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu inayoua watu usingizini, kwa hiyo huwekwa mita kadhaa kutoka hemani, upande ambao upepo hauurudishi moshi kwa waliolala. Viungio vya nyaya huinuliwa juu ya ardhi inayolowana, na swichi inayokata umeme ukivuja si ya kuachwa nyumbani. Safarini kiyoyozi hubebwa kikiwa kimesimama. Kikilazwa, mafuta ya kompresa huhama. Kikiwa kililazwa, huachwa wima saa kadhaa kabla ya kuwashwa. Kichujio cha mbele huoshwa mara kwa mara, hasa kwenye kambi zenye vumbi la barabara au moshi wa kuni.

Gesi

Mabomba ya shaba hayakatwi ili kutenganisha pande mbili za mashine, kwa sababu gesi yote itatoroka, nayo hupasha dunia joto. Tarehe 15 Oktoba 2016, huko Kigali, ng'ambo ya mpaka wa Mkoa wa Kagera, mataifa yalikubaliana kuongeza kwenye Itifaki ya Montreal ya mwaka 1987 mpango wa kupunguza gesi za HFC, zinazotumika kwenye viyoyozi na friji. Gesi ya R-410A, mojawapo ya hizo, hupasha dunia joto zaidi ya mara 2,000 kuliko kaboni dayoksidi ya uzito uleule. R-32 ni mara 675. Na R-290, ambayo ni propani, huipasha kidogo mno.

Aina ya gesi na uzito wake huandikwa kwenye kibandiko cha mashine, pamoja na volti, hezi na wati. R-290 huwaka kwa urahisi, na R-32 huweza kuwaka pia, ingawa kwa shida zaidi. Anayechagua mashine ya gesi hizo kwa ajili ya hema hupika nje, huacha karabai na mishumaa nje, na akishuku kwamba gesi inavuja hutoa watu kwanza, hufungua milango yote, kisha huzima umeme kutoka kwenye betri au jenereta iliyo nje.