Kitanda Usichokilalia: Ufaransa ya Wakati wa Vita katika Vichekesho na Tamthilia za Televisheni

Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Niliikumbuka methali hii nilipotazama, katika likizo moja, mifululizo miwili ya televisheni inayohusu nchi moja na miaka ile ile. Wa kwanza ni kichekesho cha Waingereza kiitwacho 'Allo 'Allo!. Wa pili ni tamthilia ya Wafaransa iitwayo Un village français, yaani Kijiji cha Kifaransa. Yote miwili inasimulia habari za mji mdogo wa Ufaransa uliokaliwa na jeshi la Ujerumani katika Vita Vikuu vya Pili. Wa kwanza ulinivunja mbavu. Wa pili ulininyima usingizi. Katika insha hii ninajiuliza kwa nini waliocheka walikuwa Waingereza, na kwa nini televisheni ya Ufaransa ilichukua miaka 65 baada ya ukombozi kuonyesha tamthilia ndefu ya aina hiyo.

Kwanza tuikumbuke historia yenyewe. Ujerumani iliishambulia Ufaransa tarehe 10 Mei 1940, na tarehe 14 Juni askari wake wakaingia Paris. Siku nane baadaye serikali ya Marshali Philippe Pétain ilitia saini mkataba wa kusimamisha vita. Nchi ikagawanywa: kaskazini na pwani ya magharibi chini ya Wajerumani, kusini chini ya serikali ya Pétain iliyokaa katika mji wa Vichy. Jambo ambalo wengi hulisahau ni kwamba utawala wa kila siku, hata upande wa Wajerumani, uliendelea kuwa mikononi mwa Wafaransa wenyewe. Mameya, makarani, walimu wakuu na polisi walibaki kazini. Sheria ya kwanza ya kuwabagua Wayahudi, ya tarehe 3 Oktoba 1940, ilitungwa Vichy. Na tarehe 16 na 17 Julai 1942, waliobisha hodi milangoni mwa Wayahudi wa Paris walikuwa polisi wa Kifaransa. Watu zaidi ya 13,000 walikamatwa, wakiwemo watoto zaidi ya 4,000, na wengi wao wakafungiwa katika uwanja wa mbio za baiskeli wa Vélodrome d'Hiver. Kwa jumla Wayahudi wapatao 76,000 walisafirishwa kutoka Ufaransa, na wachache mno walirudi.

Sasa tutazame kichekesho. 'Allo 'Allo! kilitungwa na Jeremy Lloyd na David Croft. BBC ilionyesha sehemu ya majaribio mwishoni mwa 1982, kisha mfululizo wenyewe ukaendelea kuanzia 1984 hadi 1992. Mhusika mkuu ni René Artois, mwenye mkahawa katika mji wa Nouvion. Ukumbini anawauzia maofisa wa Kijerumani mvinyo. Ghorofani anawaficha marubani wawili wa Kiingereza, na redio ya siri imewekwa chini ya kitanda cha mama mkwe wake. Wakati huo huo, kanali wa Kijerumani anamlazimisha kuficha mchoro wa thamani, nao unaishia ndani ya soseji. René anapigwa risasi na kikosi cha Wajerumani lakini hafi, halafu anarudi mkahawani akijifanya pacha wake mwenyewe. Lugha nayo ni sehemu ya mzaha. Kila mtu anasema Kiingereza, lakini Mfaransa kwa lafudhi ya Kifaransa na Mjerumani kwa lafudhi ya Kijerumani. Jasusi wa Kiingereza aliyevaa sare za polisi wa Kifaransa anaharibu irabu zote, na hivyo tunaelewa kwamba Kifaransa chake ni kibovu.

Kichekesho hiki kilikuwa pia jibu la mzaha kwa tamthilia nyingine ya BBC, Secret Army, iliyoonyeshwa kuanzia 1977 hadi 1979 na kusimulia Wabelgiji waliowatorosha marubani wa nchi washirika. Kwa hiyo Lloyd na Croft hawakuwa wakiwacheka waliokufa. Walikuwa wakicheka namna televisheni ilivyowapamba mashujaa. Hata hivyo, katika Nouvion yao njaa haionekani, na kusakwa kwa Wayahudi si sehemu ya hadithi. Risasi haziui. Mtu anaweza kuwahudumia wote, Mjerumani mbele na Mwingereza nyuma, na asubuhi mkahawa ukafunguliwa kama kawaida.

Je, ni kweli kwamba Waingereza walicheka kwa sababu hawakulala katika kitanda kile? Huenda msomaji akanipinga kwa kusema kwamba Waingereza hujicheka hata wenyewe. Ni kweli. Croft huyo huyo, akishirikiana na Jimmy Perry, alitunga Dad's Army, kichekesho kuhusu wazee wa Kiingereza waliojiandaa kuupokea uvamizi wa Wajerumani. Lakini uvamizi huo haukufika, na ndiyo sababu wazee wale na bunduki zao wanachekesha. Kuna sehemu moja tu ya Visiwa vya Uingereza iliyokaliwa na Wajerumani, nayo ni Visiwa vya Channel, kuanzia 1940 hadi 1945. Televisheni ya Uingereza ilipokigeukia kisiwa cha Guernsey katika mfululizo wa Enemy at the Door, kuanzia 1978 hadi 1980, haikutoa kichekesho. Ilitoa tamthilia nzito kuhusu majirani wanaotiliana shaka. Palipokuwa na kunguni, kicheko kilikoma.

Wafaransa nao walicheka, tena mapema, ila walichagua cha kuchekea. Mwaka 1966 filamu ya Gérard Oury iitwayo La Grande Vadrouille ilijaza kumbi za sinema. Zaidi ya tiketi milioni 17 ziliuzwa, na kwa miaka zaidi ya 30 hakuna filamu nyingine iliyoipita nchini humo. Ndani yake mpaka rangi na kiongozi wa okestra wanawasaidia marubani wa Kiingereza kutoroka. Karibu kila Mfaransa tunayekutana naye yuko tayari kusaidia. Picha hii ililingana na simulizi iliyotawala tangu Jenerali de Gaulle alipohutubia Paris tarehe 25 Agosti 1944, kwamba taifa lilijikomboa lenyewe na kwamba wasaliti walikuwa wachache. Ilikuwa simulizi yenye faida, kwa kuwa nchi iliyogawanyika ilihitaji kuishi pamoja tena. Lakini iliwaacha wengi nje.

Mtu aliyeitikisa simulizi hiyo ni Marcel Ophuls. Filamu yake ya mahojiano, Le Chagrin et la Pitié, iliyokamilika 1969, iliwahoji watu wa mji wa Clermont-Ferrand: waliopigana, waliokaa kimya, na hata aliyejiunga na jeshi la Hitler. Ilikusudiwa kwa televisheni, lakini televisheni ya taifa ilikataa kuionyesha. Watu waliiona sinema kuanzia 1971, na Wafaransa hawakuipata nyumbani kwao hadi Oktoba 1981. Hapo naomba tusimame kidogo. Mwaka mmoja tu baadaye, ng'ambo ya mlango bahari, René Artois alianza kuwachekesha Waingereza. Upande mmoja watu walikuwa ndiyo kwanza wanafunua jeraha sebuleni. Upande wa pili walikuwa wanalifanyia utani wa jioni.

Mambo mengine yalifuata polepole. Mwaka 1995 Rais Jacques Chirac alikiri hadharani kwamba dola ya Ufaransa ilishiriki katika ukamataji wa Julai 1942. Mwaka 1998 mahakama ya Bordeaux ilimhukumu Maurice Papon miaka 10 kwa kushiriki katika uhalifu dhidi ya ubinadamu. Papon hakuwa muuaji wa kutisha wa sinema. Alikuwa ofisa wa mkoa aliyetia saini karatasi, na baada ya vita alipanda cheo hadi akawa waziri. Nadhani bila kesi hiyo isingekuwa rahisi kuiandika tamthilia ninayoijia sasa, kwa sababu ilimfunza mtazamaji kuiogopa kalamu kama anavyoiogopa bunduki.

Un village français ilianza kuonyeshwa na France 3 mwaka 2009 na kumalizika 2017, baada ya misimu 7 yenye sehemu 72. Mwanahistoria Jean-Pierre Azéma alikuwa mshauri wake. Mji wa Villeneuve ni wa kubuni, lakini umewekwa katika eneo halisi la Jura, karibu na mstari uliogawa nchi. Juni 1940 meya anakimbia, na daktari wa mji, Daniel Larcher, anashika nafasi yake. Ni mtu mwema. Anabaki kwa hoja ambayo mtazamaji hawezi kuikataa: nikiondoka mimi, atakuja mbaya zaidi. Kisha karatasi zinaanza kuletwa mezani kwake. Kila moja ni ndogo, na kila moja ina sababu yake. Mwaka 1942 Wayahudi wanafungiwa katika shule ya mji, na kazi ya meya inakuwa kuwatafutia chakula watu ambao hawezi kuwafungulia mlango. Pembeni yake kuna mwenye kiwanda cha kupasua mbao anayewauzia Wajerumani, mwalimu kijana anayempenda askari wa adui, na polisi Marchetti, anayewasaka Wayahudi huku akimpenda mwanamke wa Kiyahudi. Ndugu ya Daniel mwenyewe ni mkomunisti anayepigana kwa siri. Ukombozi haufungi hadithi hii. Misimu ya mwisho inawapeleka wahusika mahakamani, kwenye uchaguzi na uzeeni, kwa kuwa swali la nani alifanya nini haliondoki pamoja na jeshi la adui.

Nilipofika mwisho niligundua jambo ambalo sikulitarajia. René wa kichekesho na Daniel wa tamthilia ni mtu yule yule. Wote wawili hawataki kuwa mashujaa. Wote wanawahudumia wenye nguvu ili nyumba isiungue. Tofauti ni moja tu: katika 'Allo 'Allo! kukaa katikati hakuna bei, na Villeneuve bei ipo, ila mara nyingi anayeilipa ni mtu mwingine. Hii ndiyo hoja yangu. Kichekesho hakikudanganya kuhusu tabia ya binadamu, kilificha risiti.

Mimi ninatoka Burundi. Sitaki kulinganisha vita vya Ulaya na yetu, maana kila msiba una kaburi lake. Lakini miaka ya 1972 na 1993 kila nyumba kwetu ina namna yake ya kuinyamazia. Masimulizi niliyoyasikia utotoni yalikuwa na wauaji na waliouawa tu. Sikuwahi kusikia habari za karani aliyeandika orodha kwa sababu aliagizwa, wala za jirani aliyefunga dirisha kwa sababu alikuwa na watoto. Bila shaka walikuwepo, na wengine wao pengine walikuwa watu wema kama daktari Larcher.

Kwa kuhitimisha, vichekesho na tamthilia hizi ni ushahidi wa kihistoria, lakini si wa mwaka 1940 pekee. Zinatuambia zaidi kuhusu miaka zilipotungwa, na kuhusu kile ambacho watazamaji wake walikuwa tayari kukiona. Aliyekaa nje ya chumba anaweza kukicheka kitanda, na hatuna haki ya kumlaumu. Ila kazi ya kufunua godoro ni ya wenye nyumba. Wafaransa waliichelewesha kwa miaka 65, na walipoifanya, mamilioni waliketi kutazama. Natamani siku moja nikae na wazee wetu mbele ya Villeneuve ya kwetu.